Mnyonya Damu wa Olbalbal

Siku ya mnada Karatu vumbi jekundu lilikuwa limepanda hadi kwenye kope za watu. Laurencia alikuwa akikung'uta kwa khanga vitabu vyake vya mitumba, vile ambavyo wageni huviacha hotelini, mara kivuli kirefu kikamfunika. Kuinua macho, lo! Kijana wa Kimaasai, sare ya kaki ya waongoza watalii imenyooka kwa pasi, shuka jekundu begani, tabasamu la kumsahaulisha mtu biashara.

"Dada, nipe kitabu cha kuninyima usingizi."

"Cha simba?"

"Simba nawaona kila siku kreta. Wanalala tu."

"Basi chukua mnyonya damu. Huyu ni mjane, anakaa kwenye theluji, anawaua wanaompenda halafu anawalilia. Ukimaliza nitakupa mwingine, anampenda nesi wa benki ya damu."

Tobiko wa kijiji cha Olbalbal, maana ndilo jina lake, alicheka mpaka muuza vitunguu akageuka. Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena. Mahindi yalipokomaa, simu zilikuwa haziishi.

"Umefika wapi, mpenzi?"

"Mjane yuko mlangoni anaomba kukaribishwa. Kwani hawezi kuingia tu?"

"Ndiyo sheria yao. Mnyonya damu haingii mpaka mwenye nyumba aseme karibu."

"Ana adabu kunishinda!"

Sasa, Laurencia alikuwa na kawaida yake. Kila kitabu alichomwekea mteja alikibandika karatasi: juu jina la mteja, chini maoni yake yeye kuhusu kitabu. Viwili vya kwanza alimkabidhi Tobiko mkononi, bila karatasi; cha tatu alimpa Martini, dereva anayefanya kazi na Tobiko, ampelekee. Tangu hapo simu ikawa haipokelewi. Siku ya nne ikapokelewa.

"Laurencia, kunywa damu ya ng'ombe ni mila yetu. Umenichekea siku zote hizi kumbe unaniona mnyama?"

"Damu gani tena, Tobiko?"

"Umeandika mwenyewe, na jina langu juu!" Akakata.

Laurencia alikaa juu ya gunia la vitabu akalia mchana kweupe, wateja wakimtazama. Alimpenda yule mtu, jamani, na alikuwa anamkosa bila kujua kosa lake. Kisha akakumbuka alichoandika: *Tobiko. Mnyonya damu. Mtamu mwanzoni, mwisho hana jipya. Usimpe moyo wako wote.*

"Mama yangu wee!" Akatuma ujumbe: *Jina ni la mteja, maneno ni ya kitabu. Kifungue usome, kaidi wewe!*

Hakujibiwa. Wiki nzima.

Jumapili, baada ya misa, alikuwa nyumbani Rhotia akichambua maharage na mama yake, macho bado yamevimba.

"Hodi!"

"Nani?" mama akauliza.

"Mnyonya damu wa Olbalbal. Nimekimaliza kitabu. Kweli, mwisho hana jipya."

Ungo ukamponyoka mama. Laurencia alishafika mlangoni. Tobiko alisimama nje ya kizingiti, na nyuma yake baba yake, mzee Olais, amekumbatia kibuyu cha asali.

"Nisamehe, Lau. Nilisoma karatasi nikaacha kitabu."

"Na moyo? Nilikuonya usimpe wote."

"Huyo ni wa kitabuni. Mimi nipe wote. Mzee amekuja kukuposa, ila nimemweleza sheria. Hatuingii."

Laurencia akamgeukia mama, maana nyumba ni yake. Mama akatazama kibuyu, akautazama uso wa bintiye uliolowa, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Karibuni ndani," akasema. "Ila damu hatuna. Kuna maharage."