Patronne mwenye Kikwembe ya Kupasuka

– Hii kikwembe ni ya nani?

– Gérard, weka kikwembe yangu chini, nachelewa.

– Nauliza ni ya nani, juu bibi yangu hana kikwembe ya matundu, bibi yangu ni patronne...

– Weka chini, nimesema. Mutu muzima ananusa nguo sawa imbwa...

– ... na hii kambambili? Tangu lini patronne anatembea na kambambili mu sakoshi?

– Sakoshi ni yangu, kambambili ni yangu, miguu pia ni yangu.

Bote babili balikuwa banasema mara moja. Hakuna mwenye alikuwa anasikiliza. Chai ilikuwa inapoa ku meza.

Ku ngambo ya lupango, jirani yao maman Bintu alikuwa anaanika blouse yake nyeupe. Maman Bintu ni infirmière, anatunza bagonjwa ku centre de santé moja kule Panzi. Akapitisha kichwa juu ya miti ya lupango.

– Papa Gérard, ukitaka kujua kitu, uliza pole pole. Avenue yote imesikia habari ya kambambili.

Gérard akaweka kikwembe chini juu ya haya. Agathe akakamata sakoshi yake, akatoka.

Gérard ni secrétaire ku masomo moja ya batoto kule Ibanda. Ni mutu muzuri. Hanywe sana, hapige mutu, anaimbaka mu kwaya ya parokia. Ugonjwa yake ni moja tu: wivu. Na wivu iko sawa jino yenye kutoboka. Unaweza kuisahau muchana yote. Ukitafuna kitu kidogo tu, inaamuka.

Bibi yake Agathe anauzisha sabuni. Alianza na karton moja ku kichwa, leo ako na depot Nyawera. Ile mwezi alikuwa amenunua kiwanda kidogo ya sabuni kule Panzi. Muzee mwenye kuiuzisha alihamia Kamanyola. Bafanya kazi ba kule habakujua bado sura ya patronne mupya. Hata gérant mwenye kusimamia kazi, jina yake Ulrich, alijua sauti yake tu, ku telefone.

Tangu pale Agathe aligeuka. Asubui anatoka amevaa tailleur na biatu ya kisigino, lakini sakoshi imevimba. Jioni anarudi na bidole imepasuka. Akikaa, analala. Akilala, anacheka mu ndoto. Bibi mwenye kucheka mu ndoto, anacheka na nani? Gérard alijiuliza vile mupaka chakula ikamushinda.

Basi ile asubui, Gérard akapiga telefone ku masomo, akasema ako na malaria. Akavaa kofia ya zamani na miwani nyeusi. Akasimamisha moto, ile pikipiki ya kubeba batu.

– Fuata ile moto ingine, yenye kubeba mama. Lakini usikaribie.

Motard akamuangalia.

– Papa, ule ni bibi yako?

– Ni bibi yangu.

– Basi utaongeza kidogo. Kufuata bibi inakulaka essence mingi.

Bakashuka mupaka Panzi. Kule Agathe akaingia mu ligablo ya rafiki yake, duka kidogo ya ku barabara. Mulango ikafungwa. Ilipofunguka, patronne hakutoka. Alitoka mama moja ya kitambaa ku kichwa, kikwembe ya matundu na kambambili. Akaenda na miguu mupaka ku kiwanda yake mwenyewe, akaingia na mulango ya nyuma.

Kiwanda ilikuwa imezungushwa na mbao. Gérard akatafuta fasi yenye mbao imeachana, akaweka jicho.

Mutu moja wa tumbo sawa ngoma alikuwa anapiga makelele. Ni Ulrich.

– We mama mupya, hapa si kwa baba yako. Unafika saa unataka? Beba zile bidon.

Agathe akainamisha kichwa.

– Pardon, patron.

Gérard akasikia kitu inamuchoma mu kifua. Pardon? Tangu baoane, Agathe hajamuambiaka pardon hata siku moja. Hata siku alimumwangia chai ya moto ku suruali, alisema tu: «Wewe pia, unakaaka vibaya.» Na huyu mwenye tumbo anapewa pardon ya bure, asubui, bila kuomba.

Akaendelea kuangalia. Agathe akabeba bidon, akafagia, akaosha mabeseni. Alafu akaenda ku pipa kubwa ya mafuta ya mawese, kusaidia kukoroga. Mwenye kukoroga alikuwa kijana murefu wa ndevu, banamuita Cirhuza. Alishika muti juu, Agathe akashika chini ya mikono yake. Cirhuza akasema neno. Agathe akacheka na meno yote.

Muchana bakakula fufu na sambaza, ile samaki kidogo ya ziwa, mu sahani moja, na bafanya kazi bengine. Agathe alikuwa anakula na kupiga hadithi. Ku nyumba anakulaka akiangalia telefone. Gérard alikuwa na njaa na alikuwa na wivu, na hakujua ni gani inamukula zaidi.

Kisha kula, Ulrich akaanza kukimbiza batu. Kliya moja alikuwa amelipa, anangoja sabuni yake. Chini mu beseni kubwa Ulrich alikuwa amekwisha kuweka soude. Soude ni ile dawa ya kutengeneza sabuni. Ni nyeupe, unaweza kusema ni chumvi, lakini inakulaka ngozi.

– We mama, mwanga maji mule ndani. Mbio.

Agathe akamwanga maji juu ya soude.

Ikalia sawa mafuta ya moto. Ikachemuka mara moja, ikaruka, ikamupata ku mukono kutoka ku kiganja mupaka ku kiwiko. Agathe akalia.

Cirhuza akamukamata. Akaingiza bidole mu mawese, akaanza kumupakala mukono pole pole, na kupuliza. Mama moja akaleta ndimu, bakakamulia pale juu. Bafanya kazi ba ile kiwanda balifanyaka vile siku zote: soude ikikuchoma, mawese na ndimu.

Lakini Gérard hakuona soude, hakuona ndimu. Aliona tu mwanaume wa ndevu anapakala bibi yake mafuta na kumupulizia. Akasukuma mbao. Mbao mbili ikaanguka ndani, na yeye juu yake.

– Acha mukono ya bibi yangu.

– Papa, wewe ni nani? Cirhuza akauliza.

– Bwana yake.

– Bwana ya huyu maman wa bidon?

– Maman wa bidon gani? Huyu njo patronne yenu. Kiwanda ni yake. Mapipa ni yake. Hata ule muti unakorogaka nao ni yake.

Ulrich akatoa kofia. Agathe akafunga macho.

– Aksanti, Gérard, akasema. Sasa umejua juu gani sikukuambia. Kitu ikiingia mu sikio yako, jioni iko mu soko ya Kadutu. Niitie maman Bintu. Mukono inaungua.

Gérard akamupigia. Telefone ilikuwa na sauti kubwa, bote bakasikia.

– Muliweka nini pale? maman Bintu akauliza.

– Mawese, Cirhuza akajibu. Na ndimu.

– Muache ile yote. Hakuna mawese, hakuna ndimu, hakuna dentifrice ya meno. Maji. Maji safi ya baridi, mingi, yenye kutiririka juu ya mukono. Na nguo yenye soude imegusa, mutoe.

– Nguo? Gérard akasema. Hapa? Mbele ya huyu wa ndevu?

– Papa Gérard, soude haina haya. Iko ndani ya kitambaa, inaendelea kukula ngozi. Kata mukono ya blouse.

Bakakata. Bakafungua robinet. Robinet ikakohoa, ikatoa hewa tu. Tangu jana maji ilikuwa imekatika mu quartier. Mu bidon kulibakia kidogo. Source ya maji iko chini ya mulima.

– Mumoja ashike mukono na kumwanga pole pole, maman Bintu akasema. Mwingine akimbie kuleta maji. Isikatike. Nusu saa, na kupita. Niko karibu, nakuya.

– Mi nabaki na bibi yangu, Gérard akasema.

– Sawa papa, Cirhuza akajibu. Naenda ku maji.

Gérard akakamata kopo. Lakini mukono yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira. Maji ikaanguka chini.

– Gérard, Agathe akasema pole pole. Unaogesha udongo.

– Nitazoea.

– Sina wakati ya wewe kuzoea. Wewe unatetemeka. Huyu hatetemeke.

Hakuna neno ilimuuma Gérard kupita ile. Akaangalia mukono ya bibi yake. Ngozi ilikuwa imekuwa nyekundu na yenye kuteleza. Akatia kopo mu mukono ya Cirhuza. Akakamata bidon mbili, akatelemuka mulima mbio.

Kila mara alipopanda na maji, aliona kitu ile ile: mukono ya Agathe mu mukono ya mwanaume mwingine. Wivu ilimuambia: simama hapa, chunga. Lakini bidon ilikuwa inaisha. Akamwanga maji mu beseni, akageuka, akashuka tena. Biatu yake ya ku biro ikajaa matope. Kofia ikapotea. Batoto ba ku source bakamuachia musitari, juu balizani ni mwendawazimu.

Maman Bintu alipofika, maji haikukatika hata mara moja. Akaangalia mukono, akaendelea kumwanga yeye mwenyewe mupaka nusu saa ikapita. Alafu akaifunika na kitambaa safi.

– Tunaenda ku centre, tutaitunza vizuri, akasema. Itapona. Bila ile maji, soude ingefika ku nyama.

– Maman Bintu, Ulrich akauliza na aibu, lakini tulifundishwa eti ndimu inaua soude.

– Ndimu na soude bikikutana, binaleta moto ingine juu ya kidonda. Na mawese inafunika soude pale ku ngozi, haitoke. Maji njo inaibeba. Hata mu macho, ni vile vile: maji mingi, jicho wazi, alafu mbio ku centre de santé. Sasa niambie, ni nani alimwanga maji juu ya soude?

– Ni mimi, Agathe akasema.

– Ni mimi nilimutuma, Ulrich akasema.

– Basi sikilizeni. Munaweka maji ya baridi kwanza. Kisha munaingiza soude kidogo kidogo, munakoroga pole pole. Soude njo inafuata maji. Ukimwanga maji juu ya soude, inachemuka mara moja na kuruka. Na hakuna mutu wa kuigusa bila gants ya mupira ku mikono, miwani na buti.

Ulrich akakunja mikono ya shimizi. Makovu ilikuwa imejaa kutoka ku kiganja mupaka ku kiwiko.

– Muzee alinifundisha vile, akasema. Na mimi nikafundisha bengine vile.

– Ku telefone uliniambiaka kila kitu iko sawa, Agathe akasema.

– Patronne, mwenye kulalamika ku telefone anafukuzwaka ku telefone.

Agathe akaangalia ile makovu wakati murefu.

– Batu balikuwa banaacha kazi, akasema, na hakuna mwenye kuniambia juu gani. Njo maana nilikuya kubeba bidon, bila kusema mi ni nani.

Hakumufukuza Ulrich. Alimununulia gants ya kwanza. Leo pale kiwanda kila mutu ako na gants, miwani na buti. Ku mulango kuko pipa kubwa ya maji safi na kopo yake. Ile maji haioshe sahani, hainywewe, haipikiwe. Ni ya mutu mwenye kuungua, basi. Robinet ikikatika, pipa iko. Soude inaingia mu maji, na Ulrich mwenyewe anasimama pale kuchunga. Tangu ile siku hakuna mwenye kuungua tena, na hakuna mwenye kuacha kazi. Mara kwa mara Agathe anakuya kukoroga, na jina yake ya kweli, bila kujificha. Hasemake tena pardon kwa Ulrich. Ile njo kitu ya kwanza Gérard alimuomba.

Mukono ilipopona, Agathe akaita bote ku nyumba, siku ya mungu kisha misa. Maman Bintu alikuwa pale, na Ulrich, na Cirhuza. Gérard alikaa mwenyewe kati ya Cirhuza na bibi yake. Kila Agathe alipocheka, aliangalia ni nani amesema neno. Wivu haiponake na maji. Lakini sahani ya Cirhuza, ni yeye aliijaza.

Kisha kula, Cirhuza akasimama. Akakohoa. Agathe akafikiri atasema juu ya kazi. Ulrich akafikiri atamushitaki.

– Papa Gérard, akasema, kuko binti moja kule Luberizi. Tunapendana. Lakini baba yake anasema bijana ba Bukavu, bibi akipata shida, banakimbia. Anataka kuongea na mutu mukubwa wa kwetu. Wazazi bangu balikufa, na muyomba wangu ni mulevi. Mi nilikuona ile siku. Ulinichukia kabisa, ungeweza kunipiga. Lakini uliniachia mukono ya bibi yako, ukaenda kubeba maji.

Akafuta jasho.

– Papa, uende kuniposea.