Mahali pa Baridi

Fundi alikuwa akishona sare ya shule aliposikia hodi mlangoni.

"Karibu," alijibu bila kuinua macho. Alidhani ni mteja.

Lakini mgeni hakuwa na kitambaa mkononi. Alikuwa mwanamke mwenye viatu vyenye vumbi na kitambulisho kifuani.

"Natoka ofisi ya ustawi wa jamii, dada. Tumeambiwa kuna mzee katika chumba hiki anayenyimwa chakula."

Mguu wa Fundi uliganda juu ya pedali ya cherehani.

"Ananyimwa... nani? Mama yangu?"

Kutoka kitandani, mama yake alijiinua kwa kiwiko. Jengo zima lilimwita Bibi.

"Nani huyo mwongo? Huyu binti ananilisha mpaka nakasirika! Ninachonyimwa ni sukari kwenye chai tu, na hiyo ameikataza daktari."

Afisa alitabasamu, kisha tabasamu likazimika. Mikono ya Bibi ilikuwa mifupa mitupu. Mguu wake mmoja ulikuwa umefungwa bandeji.

"Mama ana kisukari," Fundi alieleza. "Namdunga insulini mwenyewe, asubuhi na jioni. Lakini kila tukienda kliniki, sukari iko juu. Wanapandisha dozi, na sukari nayo inapanda. Anakonda tu. Sasa kidonda cha mguuni hakifungi. Daktari amesema kisipofunga, mguu utakatwa."

"Ukatwe uende wapi?" Bibi aliuliza. "Nimezaliwa nao, nitaondoka nao."

Afisa alitazama chumba. Kulikuwa na kitanda, cherehani, jiko, na nguo zilizotundikwa kwenye misumari. Bati la paa lilikuwa likitoa joto kama tanuri.

"Sioni friji, dada. Dawa mnaiweka wapi?"

"Kliniki waliniambia niiweke mahali pa baridi. Kwa hiyo chupa zetu ziko kwa Nusu Kilo."

"Nusu kilo ya nini?"

"Ndilo jina lake. Ni mwenye bucha hapo chini."

Katika jengo lile kila ghorofa ilikuwa na lugha zake. Mwenye bucha alikuwa amekuja kutoka mbali. Maneno yake ya kwanza ya Kiswahili yalikuwa "Nusu au kilo?" Jina likamganda hapo hapo.

Waliposhuka, mwenye bucha alifuta mikono kwa furaha.

"Dawa ya Mama? Mimi natunza vizuri sana! Fundi alisema baridi. Mimi naweka chini kabisa, baridi kushinda zote!"

Alifungua friza kubwa, akasogeza mapaja ya ng'ombe, akatoa mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na chupa zilizofunikwa na barafu.

"Huganda hivi kila mara?" afisa aliuliza.

"Ndiyo," Fundi alijibu. "Naiyeyusha kiganjani kabla ya kumdunga. Si ndiyo baridi waliyosema?"

Afisa alitoa simu. "Mimi si mtu wa dawa, dada. Lakini yuko anayejua. Ofisi yake na yangu zinatenganishwa na ukuta mmoja."

Alimpigia simu muuguzi wa kliniki. Muuguzi alifika akihema. Alipoishika ile chupa, alikaa chini, juu ya kreti ya soda.

"Mungu wangu! Insulini haigandishwi. Ikiganda, inaharibika. Hata ikiyeyuka na kuonekana safi, nguvu yake huwezi kuitegemea tena."

"Kwa hiyo siku zote hizi..." Fundi alishika kichwa. "Nilikuwa namchoma mama yangu sindano za bure?"

"Subiri, mdogo wangu. Kuna baya zaidi." Uso wa muuguzi ulikuwa umepauka. "Sisi tuliona sukari haishuki, tukapandisha dozi. Kama leo angepewa dawa isiyoharibika kwa dozi ile kubwa, sukari ingeshuka ghafla. Angeweza kuzimia. Angeweza kufa. Inabidi daktari apange dozi upya, sasa hivi."

Nusu Kilo hakusubiri kuambiwa. Alipanda ngazi mbiombio, akashuka na Bibi mgongoni. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Mama, mimi nilitaka kukuua?"

"Hukutaka. Nyama yako ngumu ile imeshindwa kuniua, itaniweza barafu? Twende!"

Njiani muuguzi alisema, "Mara zote hizo nilipima damu yake. Sikumuuliza hata mara moja anaishije."

"Na mimi najua vyumba vyote visivyo na friji," afisa alijibu. "Sikujua nani anatumia insulini."

Baada ya siku ile, wawili hao walianza kuwatembelea wagonjwa pamoja. Wakaaji waliojua lugha mbili au tatu walialikwa kutafsiri. Sasa hakuna anayepewa insulini bila kuulizwa ataihifadhi wapi na kuonyeshwa la kufanya.

"Chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, si kwenye friza," muuguzi alimweleza Fundi tena, polepole. "Zisiguse barafu. Unayoitumia inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki chache, mbali na jua na jiko. Kwa joto la chumba chako, iweke ndani ya chungu kilicholowa maji. Ikiganda, usitumie. Irudishe kwetu."

Nusu Kilo alikuwa na friji ndogo ya soda. Alitoa rafu ya katikati iwe ya dawa za majirani. Muuguzi aliweka kipimajoto ndani na kurekebisha kitufe cha baridi.

"Hapa hapa. Usikipandishe."

"Sitagusa," Nusu Kilo aliahidi. "Mbele ya Mama, sitagusa."

Dozi mpya ilianza kufanya kazi. Bibi alinenepa kidogo, na ulimi wake ukawa mkali zaidi. Kidonda kikafunga taratibu. Mguu haukukatwa.

Kisha ukaja mchana wa joto kali. Wajenzi wa jengo la jirani waliingia buchani wakiwa wamelowa jasho.

"Soda kwa wote! Lakini hizi hazijapoa vizuri, Nusu Kilo. Zungusha hicho kitufe, tunasubiri. Tutakunywa kreti nzima."

Nusu Kilo alitazama kreti. Alitazama kitufe. Mkono wake uliinuka, ukasimama hewani, ukarudi mfukoni.

"Baridi ni hii tu, ndugu zangu."

"Basi tunakwenda kwa mwenzako."

"Nendeni salama."

Walitoka wote. Hapo Bibi aliingia akitembea kwa miguu yake miwili, chungu kidogo mkononi. Alikuwa amefuata chupa mpya.

"Mbona wateja wamekukimbia? Umewauzia ile nyama?"

"Walitaka baridi nyingi, Mama."

Bibi alitazama friji, kisha akamtazama yeye. Akamnyooshea chungu.

Nusu Kilo alifungua friji, akatoa chupa kwa vidole viwili, akaiinamisha kidogo mbele ya macho yao. Dawa ilicheza ndani, laini kama maji.