Pweza Aliyeitikia Jina

Watu wa Saboti walicheka mpaka wakachoka siku Kimaiyo aliposhusha mapipa ya pweza kwenye ghala lake la mahindi. Pweza! Huku mlimani, ambako hata omena hufika wakiwa wamechoka na safari! Lakini Kimaiyo alikuwa amesomea viumbe wa majini, na kuna watu waliokubali kumsaidia ajue kama pweza anaweza kufugwa mbali na bahari, kwenye matangi, kwa maji ya kuchanganywa na chumvi. Waliocheka wakacheka, na Jentrix akapata kazi.

Jentrix alikuwa mtu wa Bungoma, mke wa Wamalwa, seremala wa karibu na Kibabii. Alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza baada ya miaka sita ya kungoja. Jina la mtoto lilikuwa limeshajulikana. Mama mkwe wake, Nabwile, alifariki mwezi wa tatu, na wiki mbili baada ya mazishi Wamalwa alimwota amesimama mlangoni, anaomba mahali pa kukaa. Nyumbani hakuna aliyehitaji kuelezwa. Marehemu akija hivyo, anataka jina lake lirudi kwa mtoto.

Jioni hiyo kazi ilikuwa ndogo tu. Kumlisha pweza, kufunga ghala, kwenda kulala. Kimaiyo alikuwa ameteremka Bungoma kutafuta pampu nyingine. Kati ya pweza wanne alikuwa amebaki mmoja, jike, aliyekuwa akilinda mayai yake kwenye pembe ya tangi. Siku kumi alikuwa hajagusa chakula.

Simu ikalia. Alikuwa Kimaiyo.

"Amekula?"

"Bado."

"Jaribu tena, Jentrix. Akienda kabla mayai hayajaanguliwa, hii kazi imeisha. Sisi wote tunarudi nyumbani."

Jentrix akafunga mlango wa chuma, maana kifuniko cha tangi hakikufunguliwa mlango ukiwa wazi. Pweza hupenya mahali ambapo hata panya angerudi nyuma. Akamteremshia kaa kwa koleo. Pweza akamtazama kwa jicho lake la usingizi, akampa mgongo.

"Si ukule tu, bana," Jentrix akamsihi.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu wa Mombasa, anayewajua viumbe wa bahari, asingelifanya hata kwa kulipwa. Alikumbuka mtoto mchanga wa kwao anapokataa ziwa. Bibi hukaa naye akitaja majina ya marehemu, moja baada ya jingine, mpaka mtoto anyamaze na kunyonya. Jina alilonyamazia ndilo lake. Jentrix akacheka peke yake, akaanza kama mchezo.

"Mukhwana?"

Kimya.

"Kizito? Wanjala?"

Kimya. Mgongo ulikuwa unamuuma, miguu imevimba, akili imechoka. Mdomo ukatoa jina lililokuwa karibu.

"Nabwile?"

Pweza akageuka.

Akanyoosha mkono mmoja, polepole, akamtoa kaa kwenye koleo... akala.

Tuseme ukweli, Jentrix alifurahi kwanza. Alipiga hata makofi. Kisha makofi yakamfia mikononi.

"Hapana," akanong'ona. "Nimerudisha. Si lako. Nimerudisha jina."

Stima ikapotea.

Pampu ikanyamaza. Gizani ikabaki sauti ya maji tu. Tob... tob... Kimaiyo alikuwa amemfundisha kwamba bila pampu pweza hukosa hewa, kwa hiyo stima ikipotea avuruge maji kwa mkono, asiache. Jentrix hakutaka. Lakini pia hakutaka kuwa ndiye aliyeua kazi ya watu. Akapandisha mkono wa sweta, akauzamisha kwenye maji ya baridi, akaanza kuvuruga.

Kitu kikamshika kifundo cha mkono.

Akavuta. Kikakaza. Kingine kikamzunguka kiwiko. Akavuta mpaka bega likalia, na wapi! Mlango ulikuwa hatua sita. Simu ilikuwa mezani, hatua nne. Akapiga kelele, lakini mvua ya Elgon ilikuwa imeanza kutwanga mabati, na hata mtu aliyesimama nje ya mlango asingemsikia.

Kisha ikaja harufu.

Haikuwa ya chumvi. Ilikuwa ya ugoro. Ugoro na moshi wa kuni, harufu ya shuka la Nabwile.

Mkono wa tatu ukatoka majini. Ukapanda juu ya nguo yake, ukafika tumboni, ukaanza kupapasa. Hapa. Pale. Taratibu kama mkunga. Mtoto, ambaye alikuwa akipiga mateke tangu asubuhi, akatulia.

Kabisa.

Jentrix hajawahi kuogopa namna ile.

"Mama," akanong'ona huku analia. "Mama, niachilie. Mtoto ni wako. Nasema ni wako."

Mikono ikalegea.

Alikimbia na mvua yote hadi barabarani. Kesho yake alikuwa Bungoma, na hakurudi kazini tena, hata ufunguo wa ghala hakuurudisha.

Mtoto alizaliwa wiki tatu baadaye. Msichana, mzima, kilo tatu na nusu. Hakunyonya. Daktari alimpima asione shida. Maziwa ya kijiko aliyatema, ya mrija akayatapika. Siku ya pili Phelista, mdogo wake marehemu Nabwile, akavuta pazia la kitanda, akampakata mtoto, akaanza kutaja majina. Mtoto alikuwa ametulia tu. Lilipotajwa la Nabwile, akalia mpaka akabadilika rangi.

Phelista akamlaza chini polepole.

"Hii jina iko na mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Nani alipewa?"

Jentrix akamweleza yote.

"Ati ulipatia samaki jina ya dada yangu?"

"Si samaki, mama."

"Nyamaza! Mwenye jina akiwa hai, jina haitoki kwake. Hiyo kitu bado iko hai?"

Jentrix akampigia Kimaiyo. Yuko hai, Kimaiyo akasema, na anakula ajabu.

"Muue."

"Ati nini?"

"Tafadhali, Kimaiyo. Muue leo."

"Wewe umechoka, Jentrix. Pumzika kwanza." Akakata simu.

Siku ya tatu Jentrix alitoroka hospitalini na mtoto kifuani, na kisu cha jikoni ndani ya shali. Jua lilikuwa linatua alipofika Saboti. Mtoto hakuwa na nguvu za kulia tena, alikuwa anakwaruza koo tu, na mama yake alijua hiyo inaelekea wapi. Akafungua ghala, akaingia, akafunga mlango nyuma yake kwa mazoea. Akainua kifuniko cha tangi.

Pweza alikuwa juu kabisa, anangoja.

Jentrix akainua kisu. Kabla hajashusha, mkono mmoja ukapanda ukingo wa tangi, ukamgusa mtoto kisiginoni, ukajizungusha mara moja. Mtoto akafungua macho. Akageuza kichwa, akatafuta ziwa, akalipata.

Akanyonya.

Alinyonya kwa pupa, anakoroma, maziwa yakimtoka pembeni mwa mdomo, na Jentrix akalia kwa furaha ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe. Kisu kilianguka, asijali. Mtoto aliposhiba, mkono ukamwachia. Jentrix akamfunga vizuri, akanyata hadi mlangoni, akatoka.

Midomo ya mtoto ikawa ya bluu.

Akarudi ndani mbio. Mtoto akavuta pumzi, akapata rangi. Akatoka tena. Bluu. Alijaribu mara tano. Mara ya tano akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya tangi, akampigia Wamalwa.

"Leta godoro."

"Godoro? Uko wapi? Jentrix, watu wanakutafuta! Mtoto je?"

"Ananyonya. Leta godoro na blanketi nzito. Huku ghalani kuna baridi."

Kimaiyo, aliyepigiwa simu na Wamalwa, ndiye aliyefika kwanza. Alisimama mlangoni, akaona kisu sakafuni, akaona mkono wa pweza ulivyojiviringisha kwenye kisigino cha mtoto. Hakuthubutu kuingia.

"Kimaiyo," Jentrix akasema bila kugeuka. "Hawa huishi muda gani?"

Kimaiyo akashika fremu ya mlango.

"Jike mayai yakishaanguliwa, hamalizi wiki. Wote wako hivyo. Ya huyu yalianguliwa wiki mbili zilizopita, na watoto wake walikufa wote. Mimi sijui anangoja nini." Akasogea hatua moja, akachungulia majini. "Lakini hata yeye ameshafika. Ona anavyoanza kuwa mweupe kwenye mikono. Hiyo ndiyo dalili ya mwisho."

Jentrix akavuta shali, akakifunika kile kisigino cha mtoto, Kimaiyo asije akaona kwamba nacho kilikuwa kimeanza kuwa cheupe.