Bwana Aliyekuwa Ukutani

Kila siku saa moja asubuhi Angelika alifungua mapazia, akawasha jiko, akakoroga uji wa shayiri wa Bi Harriet, bibi mzee aliyeajiriwa kumtunza. Alhamisi hiyo mwiko ulibaki ndani ya sufuria. Bibi alikuwa analia sebuleni, ameelekea ukuta mtupu.

Picha ya rangi za mafuta, ya bwana wa karne ya kumi na nane mwenye koti la kijani, haikuwepo.

Inspekta Yudita Rugamba alifika Westerville, nje kidogo ya Columbus, mvua ikinyesha. Yeye na Angelika walikuwa Warundi, wote wamekulia kambi za wakimbizi Tanzania.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umeamkaje? Nyumbani hawajambo?"

Angelika aligeuza uso. Macho yalikuwa yamejaa machozi. Yudita aliliona hilo, akaenda kukagua mlango.

Kitasa kilikuwa kizima, madirisha pia. Mtoto wa bibi alipiga simu kutoka Louisville: akamatwe fundi aliyeziba paa jana. Kufikia adhuhuri fundi huyo, Zenoni, alikuwa mahabusu.

Yudita alirudi ukutani. Pembeni kulikuwa na utando wa buibui. Lakini pale ilipokuwa picha, ukuta ulikuwa umepanguswa kwa kitambaa chenye maji. Hata msumari uling'aa.

Akamwita Angelika jikoni.

"Una haki ya kunyamaza, mama. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Mwizi gani anapangusa vumbi kabla ya kuondoka?"

Angelika aligeukia jiko, akakoroga sufuria.

"Zenoni ana mahojiano ya uraia Jumatatu. Akifunguliwa kesi, basi tena."

"Zenoni hajui lolote."

"Nani anajua?"

Angelika alizima jiko. "Mdogo wangu Jovini alipita jana jioni, akirudi Buffalo. Nilimpa mzigo. Nikamwambia asiufungue."

Polisi wa Buffalo waliikuta picha nyumbani kwa Jovini, mtaa wa Black Rock, uvunguni mwa kitanda. Ilikuwa imezungushiwa blanketi la mtoto. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Zenoni aliachiwa jioni ile ile, na kiti chake katika chumba cha mahojiano akakikalia Angelika.

"Hukutafuta mnunuzi," Yudita alisema.

"Sikutaka kuuza."

"Ulijua utapoteza kazi. Labda na kufungwa."

"Nilijua."

"Sasa ulitaka nini, mama?"

Angelika alitazama mikono yake.

"Miaka minne namwogesha. Namkata kucha. Akiamka, anamwambia yule wa ukutani: umeamkaje, bwana, umelala salama? Mimi nimesimama hapo na beseni. Mimi ananiambia maji ya moto, maji ya baridi."

"Na leo, ukuta ulipokuwa mtupu?"

"Aliniuliza bwana wake yuko wapi."

Yudita aliacha kuandika. Nje, mvua haikuwa imekatika.

"Andika, mwanangu," Angelika alisema. "Usinionee haya. Andika kwamba nilitaka anisalimie."