Udongo wa Kilima cha Nesta

Mwaka 2024, Jumanne ya tarehe 13 Februari, mvua ilikuwa imenyesha Mbebe siku kumi na tisa bila kukatika. Ezron alikuwa amezihesabu. Alipima ardhi za watu kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na jambo lisilo na idadi lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Jioni ile alihitaji kitu kimoja tu, kitu cha bure, na hakikupatikana popote katika milima ya Ileje.

Udongo mkavu.

Sebuleni kwake palikuwa na meza ya futi nane kwa nne, na juu ya meza hiyo palikuwa na nchi isiyokuwepo duniani. Mchezo wenyewe alijifunza ughaibuni alipokuwa masomoni: watu huizunguka meza, kila mmoja na shujaa wake, hurusha dadu, na vita vya falme za kubuni huendelea Jumamosi hadi Jumamosi. Milima aliichonga kwa sponji nyeupe ngumu zinazofungiwa televisheni. Miti ilikuwa vijiti vya mibuni, na majani yake unga wa mbao uliotiwa rangi ya kijani. Wapiganaji, mazimwi na malkia aliwachonga kwa kisu kidogo, kila mmoja milimita ishirini na nane, kisha akawapaka: kwanza nyeusi mwili mzima, halafu rangi ya majimaji iliyotuama ndani ya mikunjo ya nguo, halafu brashi karibu kavu juu ya migongo ya mikunjo hiyo. Macho aliyaacha mwisho. Aliyatia kwa brashi iliyobakiwa na unywele mmoja, huku amebana pumzi.

Jumamosi ile walikuwa wanaanza vita vipya, navyo vilihitaji kilima. Juu yake angesimama malkia wa Nesta, mkewe. Sponji ilikwisha kuchongwa. Ilibaki kuivika udongo laini uliochanganywa na gundi ya mbao, na udongo wenye maji haukamati gundi.

"Si uukaushe jikoni?" Nesta alisema akiwa anakoroga makande.

"Ukikaushwa kwa moto unashikana madonge."

"Basi malkia wako asubiri kiangazi. Au mpandishe juu ya sufuria yangu, atawale huku kwenye joto."

Ezron alicheka, akachukua kopo na mwavuli, akatoka.

Palikuwa na sehemu moja kavu. Aliijua tangu asubuhi. Alikuwa anajizungusha tu ili asiitaje.

Ambwene, mdogo wake, alifariki Agosti. Kaburi lilikuwa bado halijajengewa saruji, na ili mvua zisilibomoe, familia ilisimamisha nguzo nne na kuliezeka mabati. Ezron hakuwahi kulifikia. Ndugu hao walikuwa hawasemezani miaka sita kwa sababu ya hatua nne za shamba la kahawa: Ambwene alilihamisha jiwe la mpaka, jiwe ambalo Ezron alilichimbia kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya mazishi, jeneza liliposhushwa, kila mtu alichota konzi moja ya udongo akamtupia marehemu, kama ifanyikavyo. Ezron alisimama barabarani, mikono mfukoni.

Hakutupa.

"Udongo ni udongo," alijiambia sasa, akachuchumaa chini ya mabati, akaanza kuchota.

Mvua ilipiga bati. Kopo lilijaa taratibu. Halafu ikaja harufu... maganda ya kahawa yaliyooza, na tumbaku ya kusokota.

"Umechota kiasi gani?"

Mtu alikuwa amesimama upande wa pili wa kaburi, kiroba kimemfunika kichwa na uso, kama wakulima wajikingavyo na mvua. Mpita njia, Ezron alidhani.

"Kidogo tu, bwana. Kama kilo moja na robo."

"Wa nini?"

"Wa kilima. Cha mchezo." Kisha, kwa kuwa watu hawakuwa na desturi ya kumwuliza habari za kazi yake, akaongeza kwa fahari: "Malkia wa mke wangu atasimama juu yake."

Kiroba kilielekea kwenye kopo.

"Basi huu ni udongo wa Nesta," mtu yule alinong'ona.

Ezron aliinua kichwa. Alikuwa hajamtaja mkewe kwa jina.

Hapakuwa na mtu.

Akiwa njiani, miguu ikiteleza, ndipo alipong'amua kilichomsumbua. Kiroba kile kilikuwa kikavu.

Hakumwambia Nesta. Aliupima udongo kwenye mizani ya jikoni: gramu 1,250 kamili. Alifurahi kwamba jicho lake lilikuwa bado halijakosea.

Alhamisi jioni kilima kilikamilika. Udongo ulikuwa na unene wa milimita tatu juu ya sponji. Alimsimamisha malkia kileleni, akamtia macho.

Ijumaa asubuhi nyayo za malkia hazikuonekana.

Ezron alileta kipimio chake cha chuma, kile cha taya mbili. Milimita mbili zilikuwa zimezama. Alidhani gundi haijakauka. Jumamosi milimita zilifika nne, na malkia alikuwa amepita unene wote wa udongo. Chini ya hapo palikuwa na sponji ngumu, isiyo na tundu.

Mwalimu Yesaya, jirani yao na mchezaji wa siku zote, aliinama akamtazama.

"Mama Watson, malkia wako amekunywa nini? Vita havijaanza, yeye ameshapiga magoti."

"Mwache," Nesta alijibu. Alikuwa amekaa na viatu vya baridi miguuni. "Na mimi vidole vya miguu vimekufa ganzi tangu jana. Tunazeeka pamoja."

Yesaya alicheka. Ezron hakucheka. Alinyoosha mkono, akamshika malkia kiunoni, akavuta.

Nesta alipiga yowe.

Yowe lile halikuwa la mtu aliyeumwa kidogo. Dadu zilimponyoka Yesaya zikabingirika hadi chini ya kabati. Ezron aliachia mara moja, na Nesta akatulia, jasho likimtiririka.

"Umenifanya nini, Baba Watson?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kila siku, milimita mbili. Jumanne malkia alizama hadi magoti, na ganzi ikafika kwenye magoti ya Nesta. Walimpeleka hospitali, akapigwa picha, akachukuliwa damu, akachomwa miguuni sindano asizozisikia. Hawakuona kitu. Ezron aligawanya ishirini na nane kwa mbili, akahesabu kwenye kalenda. Februari ya mwaka ule ilikuwa na siku ishirini na tisa, na hesabu iliangukia siku hiyohiyo ya ziada.

Ijumaa ya tarehe 23 alfajiri alifungua mlango wa mbele. Veranda yote ilikuwa imelowa. Katikati ya maji yale palikuwa na nyayo za mtu, zimetoka ngazini hadi dirisha la chumba cha Nesta.

Nyayo za vumbi. Kavu.

Na harufu ya tumbaku.

Siku hiyo ndipo alipokubali kile alichokijua tangu mwanzo. Alikikwangua kilima chote kwa kisu, akauloweka udongo kwa maji ya moto hadi gundi ikauacha, akaukausha juu ya makaa, akauchekecha mara tatu. Jumamosi asubuhi aliuweka kwenye mizani.

Gramu 1,156.

Aliurudisha udongo uleule kaburini, akausawazisha kwa kiganja. Aliporudi, malkia alikuwa ndani ya sponji nyeupe tupu, amezama hadi juu ya kiuno. Jumapili hakushuka. Jumatatu hakushuka. Nesta alikunywa uji, akauliza nani anashinda vita.

Jumanne alishuka milimita mbili.

"Zimepungua gramu tisini na nne," Ezron alimwambia Yesaya, macho mekundu. "Zipo humu ndani. Lazima zipo."

Alifagia sebule kwa brashi ya kupakia rangi. Alikung'uta mazulia, akachuja maji ya kuoshea brashi, akavunja mbao mbili za sakafu. Siku nne alitafuta. Alipata unga wa mbao, nywele, na dadu mbili chini ya kabati.

Jumamosi tarehe 2 Machi ilibaki mvi tu ya kichwani mwa malkia, rangi aliyoipaka kwa brashi kavu. Yesaya alibaki na mgonjwa. Ezron alikwenda kwa Gwalugano, mjane wa Ambwene, akamkuta anachambua maharage barazani. Alimweleza yote, kwa tarehe na vipimo.

Gwalugano hakushangaa.

"Shemeji, huyu mtu hakukudai kilo. Sisi wote tulimtupia udongo. Wewe, tumbo moja naye, hukumtupia. Halafu umekuja kumchotea." Alisukuma ungo pembeni. "Chota udongo wowote, hata wa hapa uani. Mtupie kwa mkono wako, umwambie lala, ndugu yangu. Basi."

"Udongo wowote hautafunga hesabu."

"Nani amekwambia anafanya hesabu? Mwenye hesabu ni wewe."

Ezron alitazama nje. Kutoka pale aliliona lile jiwe, mbele ya mstari wa mibuni, hatua nne ndani ya shamba lake. Angeyatamkaje maneno yale na jiwe linamtazama?

"Jiwe lirudi kwanza," alisema. "Likirudi, nitasema."

"Shemeji... mkeo anazikwa akiwa hai, wewe unaniambia habari za jiwe?"

"Lirudi kwanza."

Mjane aliinuka.

"Lichukue. Chukua hatua zako nne, na mibuni iliyomo. Lakini anza na kule." Alielekeza kidole kwenye mabati. "Anza na kule, nakusihi."

"Naanza na jiwe. Halitachukua muda."

Alileta kamba ya kupimia, sururu na vigingi. Alipima kutoka kona ya barabara, akapima tena kutoka mtoni, kwa sababu kipimo kimoja si ushahidi. Jiwe lilikuwa zito, matope yalimnyonya miguu. Alilichimbia mahali pake pa haki, akalishindilia. Mita tatu na sentimita kumi. Alikuwa sahihi miaka yote sita.

Alipoinuka jua lilikuwa limezama. Alichota konzi ya udongo kando ya jiwe, akatembea hadi kwenye mabati, akasimama juu ya kaburi la ndugu yake.

"Lala..." alianza.

Harufu haikuwepo. Hakuna tumbaku, hakuna maganda ya kahawa. Palikuwa na kaburi tu, na mvua.

Alikimbia. Mzee wa miaka sitini na nane alikimbia akipanda mlima, konzi ya udongo bado imefumbatwa. Yesaya alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Amekuulizia, kaka. Mara mbili. Nilimwambia unapima shamba."

Mezani, kilele cha kilima kilikuwa cheupe na laini. Ezron alikipasua kwa kisu, kipande kwa kipande, hadi mbao za meza.

Ndani hamkuwa na kitu.

Walimzika Nesta Jumatatu. Jeneza liliposhushwa, Gwalugano alitupa konzi yake, Yesaya akatupa, na watu wote wakatupa. Ezron alikuwa wa mwisho. Alitupa bila kusema neno, kisha akasimama akiutazama mkono wake mtupu.

Usiku ule, wafiwa walipolala, alitoka uani, akachota konzi moja ya udongo kama mtu yeyote anavyochota, bila kukusudia kipimo. Aliumimina kwenye mizani ya jikoni. Akaurudisha, akachota tena. Kisha mara ya tatu.

Mara zote tatu mizani ilionyesha namba ileile. Alichukua daftari lake, akaandika tarehe, akaandika jina la mkewe, na mbele ya jina akaandika gharama yote.

Gramu 94.