Kengele ya Sainte-Odile

Saa mbili asubuhi. Jumapili.

Guelord alichora nyumba ya Laurentine kwa chaki juu ya meza ya karakana. Mlango. Sebule. Kabati. Karakana ilikuwa nyuma ya soko la mtaa wa Kenya, imefungwa kwa ndani.

"Kengele iko juu ya kabati," alisema. "Miye na Nkandu tunaingia. Précieux anabakia mu motoka."

Ilikuwa kengele ya meli. Shaba nzito ya kukumbatia kwa mikono miwili, ubavuni imechongwa *Sainte-Odile 1911*. Baba yao Laurentine na Précieux alishika usukani wa meli hiyo kule ziwani Kalemie mpaka ilipoozea gatini, akaondoka na kengele yake. Alipokufa, ikamwangukia binti. Laurentine hakujua ni kitu cha thamani gani, akampelekea Séverin, mfanyabiashara anayewauzia Wazungu vitu vya kale. Séverin alipitisha kidole juu ya jina, akasema kengele hiyo inanunua nyumba nzima. Laurentine akashukuru, akairudisha nyumbani. Haiuzwi.

Précieux alikuwa amesimama pembeni siku hiyo, mdogo mtu mwema. Kikulacho ki nguoni mwako. Wiki haikuisha, Guelord akawa anajua yote.

"Condition yangu iko moya," Précieux alisema. "Yaya hapana kumugusa. Na asiyue kama ni miye."

"Si ulisema atakuwa ku misa?"

"Kila dimanche, saa tatu. Hakosake."

Dada huyo, ambaye alimwita Yaya, ndiye aliyemlea. Alimfulia, alimsomesha, alimtoa mahabusu mara mbili. Précieux hakuwa na mtu mwingine duniani, na alikuwa anakwenda kumwibia huyo huyo. Mtu wa namna hiyo huogopi kumpa gari aendeshe. Unaogopa kumpa mgongo.

Saa tatu na nusu. Kampemba, mtaani kwa Laurentine.

Teksi ilisubiri kando ya ukuta, injini inanguruma. Kosa la kwanza lilikuwa la Précieux mwenyewe. Siku hiyo baba yake alikuwa anatimiza mwaka kaburini. Misa ya kumwombea ilisomwa alfajiri, na Laurentine alikuwa amekwisha kurudi, yuko jikoni anawaandalia wageni bukari, ugali wa matanga. Mwana alisahau siku ya baba yake. Laana nyingine hazihitaji mchawi.

Kengele ililia mara moja ndani ya nyumba, kisha kimya. Nkandu alikuwa ameufunga ulimi wa kengele kwa kitambaa. Wakatoka mbio.

"Yaya alikuwa mule?"

"Nyumba iko bule, hapana muntu," Guelord alisema. "Endesha."

Mkono wa shati lake ulikuwa na doa jekundu. Précieux aliliona. Alitaka kuamini, akaamini, akaendesha.

Saa tano. Karakana.

Guelord na Précieux walikwenda kumchukua Séverin aje kuinunua. Nkandu akabaki na kengele, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nkandu ni mtu wa mitraille, vyuma chakavu. Ameiba nyaya, ameiba transfoma, ameiba hata vishikio vya majeneza. Katika kazi yake sheria ni moja: mali ya wizi haiuzwi na jina lake. Chenye namba, futa namba. Basi akawasha meule, mashine ya kusagia chuma, akafanya kazi kwa moyo safi. Walipoingia na Séverin, kengele iling'aa kama sufuria mpya. Nkandu alikuwa anaipuliza vumbi, anatabasamu.

Séverin akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Jina iko wapi?"

"Nimeitosha na meule," Nkandu alisema. "Polisi hataweza kuyua tena iko ya nani."

"Mupumbafu. Nilikuwa nanunua jina. Iyi sasa iko mukuba, shaba tu. Muipeleke ku kilo."

Guelord alimpiga Nkandu kofi la mdomo. Nkandu akashika nyundo. Guelord akachomoa kisu. Séverin alikuwa amekwisha kuufikia mlango.

"Kama mwenye kengele anakuya kusema ilitoka mu bateau gani, bantu bangu bataweza kumusikia. Bila yeye, hapana." Akaondoka.

"Basi tunaenda kumuleta," Guelord alisema. "Asubui nilimupasula kichwa, lakini kinywa ingali muzima."

Précieux alisimama. Aibu ilimpanda kwanza, hasira ikafuata, na yote mawili yalikuwa yamechelewa.

"Twende," alisema. "Niko naendesha."

Saa sita. Barabarani.

Guelord alikaa mbele na kisu. Nkandu alikaa nyuma na kengele mapajani. Kwenda kwa Laurentine ni kukata kushoto. Précieux alikata kulia.

"Unaenda wapi?"

Précieux akakanyaga mafuta.

"Précieux. Unaenda wapi?"

Kisu kilimwingia ubavuni kabla teksi haijagonga geti la kituo cha polisi. Askari walimvuta Guelord kupitia dirishani. Nkandu alikaa tu, amekumbatia kengele, kwa sababu mlango wa nyuma wa teksi ile haukuwa unafunguka kwa ndani.

Saa kumi. Kituoni.

Laurentine aliletwa, kichwa kimefungwa kitambaa, damu imekauka shingoni. Précieux alikuwa kwenye benchi na bendeji na pingu. Alikuwa amepanga maneno yake: kwamba ni yeye aliyewaleta wezi polisi, kwamba kisu kile alikipokea kwa ajili ya dada yake.

Afisa aliweka kengele mezani.

"Mama, iyi kitu unaiyua? Jina haiko tena."

Laurentine aliweka viganja vyote viwili pale palipokwanguliwa, akalia bila sauti.

"Naiyua. Iko ya papa."

"Na uyu kijana? Anasema uko dada yake. Anasema utamusemea."

"Yaya," Précieux alisema.

Laurentine alimtazama kuanzia bendeji mpaka viatu. Précieux akaona kwamba ameelewa yote, hata yale ambayo hakuna aliyemwambia.

"Uyu, hapana," alisema. "Simuyue."

Kisha akamwuliza afisa kama anaweza kwenda, maana wageni wa baba yake walikuwa bado hawajala.