Betri ya Kwapani

"Raija, unanipata?"

"Nakupata, Hilkka. Sema upesi, huyu mtu ananiacha."

"Tumelipata neno. 'Kahawa tayari.' Kifaa kikipokea meseji hiyo kinajizima. Lakini lazima itoke kwenye namba yake yeye. Ikitoka kwingine hakisikii."

"Muda?"

"Saa sita na nusu."

Raija Kokkoniemi aliitupia jicho saa yake ya Suunto mkononi. Saa sita kasoro dakika nane.

"Mafundi je?"

"Wameupekua mtambo mara mbili, hawakioni." Redio ilikoroma. "Mwenyewe akivunjika vunjika sijali, Raija. Nataka simu yake."

Mita mia tatu mbele, pikipiki ya theluji ya Kauko Myllymäki ilikuwa ikitimua unga mweupe juu ya ziwa lililoganda. Ile ya Raija, Lynx, ilikuwa imefika kilomita mia na kumi kwa saa. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini na saba chini ya sifuri, ile baridi ambayo ukifumba macho kwa muda, kope zinashikana. Ulikuwa mchana, lakini jua lilikuwa limetuaga tangu mwanzo wa Desemba, na tulichobakiwa nacho ni ule mwanga wa buluu wa saa chache.

Kuna watu nje ya mipaka yetu waliotaka kujua mji wa kaskazini unaweza kukaa bila joto kwa saa ngapi kabla haujapiga magoti. Wakauchagua Kelojoki, watu mia tisa. Kauko ndiye aliyekiingiza kifaa chao mpakani na kukificha katika mtambo unaosambaza maji moto majumbani. Saa sita na nusu pampu zingesimama na valvu zingejifunga. Kufikia jioni mabomba yote yangekuwa yamepasuka. Barabara ilikuwa imezibwa na theluji tangu juzi, na helikopta zilikuwa haziruki.

Katika hao mia tisa alikuwamo mzee mmoja wa nyumba ya wazee, chumba namba saba, mapafu mabovu, kilo hamsini na mbili pamoja na blanketi lake.

Taisto Kokkoniemi. Baba yake Raija.

Hilkka, mkuu wake wa kazi, alilijua hilo, ndiyo maana hakulitaja.

Risasi ilipita sikioni.

Kauko alikuwa ameachia usukani mkono mmoja na kugeuza bunduki. Raija aliyumba kushoto, akachomoa bastola yake, Glock 17, na kujibu. Moja. Mbili. Ya tatu ikalipata tangi. Mstari wa petroli ulianza kuchoreka juu ya theluji.

Alifurahi mapema mno.

Ukingo wa barafu, pale ziwa linapojikunja na kuinuka kama zulia lililosukumwa, hakuuona. Lynx iliruka juu, ikapinduka, ikamtupa.

Alipoinua kichwa, redio ilikuwa imesagika chini ya mashine. Bastola ilikuwa imezama kwenye theluji, aliichimbua akaipangusa. Kisha akatafuta simu.

Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza ilikuwa ya ofisi, nyembamba, imezibwa pande zote. Eetu, fundi wao, alipomkabidhi mwezi Novemba walibishana mbele ya mashine ya kahawa.

"Tupa hilo dude lako, mama," Eetu alimwambia. "Nene kama mkate mweusi. Hii hata ukiidumbukiza ziwani inapiga."

"Betri ikiisha?"

"Unachaji."

"Porini? Nachomeka kwenye mti gani?"

"Na yako ikianguka? Mfuniko huku, betri kule, wewe unatambaa kama unatafuta meno ya bandia."

Ya pili ndiyo hilo dude, alilopewa na baba yake. Mzee alifanya kazi kiwanda cha simu mpaka kilipofungwa, na aliondoka na imani moja tu: kitu usichoweza kukifungua si chako.

Raija aliiwasha ya ofisi. Asilimia arobaini na moja. Alibonyeza jina la Hilkka.

Kioo kikawa cheusi.

Aliijaribu tena na tena. Baridi ilikuwa imeua betri. Kuitoa aipashe joto mwilini haikuwezekana. Simu ilikuwa na chaji tele tumboni, na tumbo halifunguki.

Akageukia ile ya baba. Mfuniko aliuona hatua tatu kando. Simu yenyewe ilikuwa imesimama wima kwenye theluji, kioo kizima, mgongo wazi.

Betri haikuwapo.

Alipiga magoti akachimba kwa mikono. Alichimba huku, akachimba kule, akaondoa glavu akapapasa mpaka vidole vikafa ganzi. Hapo penye ukingo theluji ilimfika kiunoni, na betri ni kitu cha ukubwa wa kiberiti. Eetu alisema, mpumbavu yule, na alisema kweli. Dakika nne zilipotea hapo. Raija alisikia sauti ikilia kwa hasira, na ilikuwa yake.

Saa sita na dakika nane.

Alizitia simu zote kifuani akaanza kukimbia akifuata mstari wa petroli.

Mstari uliishia ufukweni, kwenye kibanda cha magogo cha wasafiri, kisichofungwa kwa kufuli na kisicho cha mtu. Moshi ulikuwa ukipanda. Raija alisukuma mlango kwa bega, bastola mbele.

Kizingitini palikuwa na buti za Kauko, zimepangwa sambamba.

Mtu aliyekuwa tayari kugandisha mji mzima alikuwa amevua viatu asije akachafua sakafu ya umma. Ndivyo tulivyolelewa. Raija alizipiga teke zote mbili, zikatokomea nje kwenye theluji.

"Funga mlango," alisema Kauko kutoka kando ya jiko. "Unatoa joto."

Raija akaufunga. Naye alilelewa hivyo hivyo.

Kauko alikuwa na soksi za sufu miguuni, birika la kahawa likichemka nyuma yake, bunduki iliyoisha risasi pembeni, na shoka mkononi. Mbele yake, juu ya kigogo cha kupasulia kuni, ilikuwapo simu. Nene. Ndugu wa ile ya baba.

"Usithubutu, Kauko."

Shoka likashuka kwa kisogo chake. Kioo kikatawanyika.

"Haya, mama. Piga sasa."

Raija alimwelekezea bastola gotini akavuta kifyatuo.

Tik.

Theluji ilikuwa imeganda ndani. Kauko naye aliisikia ile tik, akainua shoka na kumjia. Raija aliinama, shoka likauma ukuta, naye akanyakua birika na kummwagia kahawa kifuani. Kauko alipiga yowe na kuachia mpini. Kiwiko kimoja cha taya kikamlaza. Dakika iliyofuata mikono yake ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa plastiki kwenye mguu wa kitanda.

"Kimbia basi," alihema Raija. "Soksi unazo."

Saa sita na dakika kumi na tisa.

Aliketi sakafuni na zile maiti tatu za simu. Ya ofisi nzima, haifunguki. Ya baba nzima, haina betri. Ya Kauko imevunjika uso. Alimwona akilini baba yake anavuta blanketi mpaka kidevuni, anamwambia muuguzi kwamba hasikii baridi, kwa sababu yule mzee hajawahi kukiri kwamba anasikia baridi.

Kisha akaanza kufikiri kwa mikono, kama alivyofundishwa mezani kwao akiwa na miaka tisa.

Aliiokota simu ya Kauko akaibandua mfuniko. Laini ilikuwa mahali pake, haina hata mkwaruzo. Shimo la betri lilikuwa tupu.

"Betri iko wapi?"

"Betri gani?"

Mtu anayekimbizwa hutoa betri ili simu isionekane iko wapi. Na mtu wa huku akitoa betri kwenye baridi hii, haiweki mfukoni.

"Inua mkono."

"Nimefungwa."

"Wa kushoto. Inua kwapa."

Kauko alibana. Raija aliingiza mkono kwa nguvu chini ya sweta, chini ya fulana, akaichomoa. Ilikuwa na joto kama yai lililotoka chini ya kuku.

Laini ya Kauko ikaingia katika simu ya baba. Betri ya Kauko ikafuata. Mfuniko, klik. Akabonyeza.

Simu iliwaka. Asilimia sita. Halafu ikauliza namba ya siri ya laini.

Ndiyo kasoro yake: ukiitoa betri, simu inasahau kila mtu, hata mwenyewe. Kauko alicheka kwa maumivu.

Raija alijaribu mwaka wa kuzaliwa aliousoma kwenye faili. 1964.

Siyo.

"Umebakiwa na mbili," alisema Kauko. "Baada ya hapo laini inajifunga. Usinibishie, nimekaa na simu hizi miaka kumi na tisa. Meza ya tatu, ya majaribio. Nazijua kuliko nilivyomjua mke wangu."

Raija aliinua macho taratibu.

"Meza ya tatu. Basi unamjua Taisto Kokkoniemi."

Kicheko kikakatika. "Taisto ndiye aliyenifundisha kazi. Wewe ni nani?"

"Binti yake. Yuko Kelojoki, nyumba ya wazee, chumba namba saba."

Jiko lilipasua gogo. Kauko alizitazama soksi zake.

"Waliniambia hafi mtu."

"Nipe namba, Kauko."

"Nikikupa wataniua."

"Usiponipa atakufa yeye."

Kauko alifumba macho akageuzia uso ukutani. Saa sita na dakika ishirini na tano. Raija alimshika ukosi, akainua ngumi, na ngumi ikabaki hewani.

Taisto ndiye aliyenifundisha kazi.

Meza ya tatu simu mia mbili zilipita mkononi mwa mtu kwa siku, kila moja na namba yake ya siri. Baba hakuwa na kichwa cha kuzishika. Alikuwa akiibandua pembe ya lebo ya kiwanda chini ya betri, anaandika namba kwa penseli, anairudishia lebo. Mabosi hawakujua kamwe. Hata nyumbani alifanya hivyo katika kila simu aliyoimiliki, na mama, hadi siku alipofariki, alimcheka kwa hilo.

Raija aliuachia ukosi akaichukua ile simu iliyopondwa. Kisu chake cha puukko kikaingia chini ya pembe ya lebo.

Penseli. Tarakimu nne. 2907.

Kauko alikuwa amefumbua jicho moja. "Mzee yule," alisema polepole.

Namba ilikubali. Mtandao hakuna. Laini ilikuwa na namba moja tu iliyohifadhiwa, ya kifaa, na Raija aliiandikia meseji humo humo ndani, herufi kwa herufi, kwa vidole visivyosikia kitu. Asilimia nne. Kwa baridi ya nje hiyo ni dakika moja, pengine pungufu. Aliificha simu kifuani, akatoka, akapanda juu ya rundo la kuni, akaichomoa na kuinyoosha angani.

Kijiti kimoja cha mtandao. Kikapotea. Kikarudi.

Tuma.

Duara lilizunguka. Asilimia tatu. Likazunguka. Saa sita na dakika ishirini na tisa. Raija alikuwa akisema "tafadhali" kwa sauti, kwa simu, kwa Mungu, kwa yeyote aliyekuwa karibu.

Mlio.

*Imezimwa.*

Asilimia mbili. Hakufikiri. Alipiga namba pekee anayoijua kwa moyo.

"Nani?" sauti kavu iliuliza. "Namba hii siijui."

"Ni mimi, Baba. Huko kuna joto?"

"Lipo. Leo Alhamisi, wametupa supu ya njegere. Mbona unahema?"

"Niko juu ya kuni."

"Unapigia simu gani?"

"Simu yako. Betri ya kuazima."

"Ya nani?"

"Ya Kauko. Wa meza ya tatu."

Raija aliyafuta machozi kabla hayajaganda.

"Huyo kijana," alisema mzee. "Kiwanda kilipofungwa alilia kwenye maegesho, na mimi nikapita nikajifanya sikumwona. Mrudishie betri yake. Cha kuazima ni cha..."

Simu ikazimika.

Raija alirudi ndani. Safari hii naye alivua buti mlangoni. Alifungua mfuniko, akaitoa betri, akachuchumaa mbele ya Kauko na kuirudisha palepale alipoitoa, chini ya kwapa la kushoto.

"Baba amesema nikurudishie. Na amesema alikuona siku ile kwenye maegesho."

Kauko aliubana mkono ubavuni. Mabega yake yalianza kutikisika. Raija alimpa mgongo, alie bila kutazamwa.

Kisha alichukua shoka akatoka kupasua kuni za atakayefuata, kwa kuwa zile za ndani walikuwa wamezichoma wao. Alikuwa ameshazipanga kando ya jiko na kuandika majina yao wawili katika daftari la wageni pikipiki tatu zilipofika kutoka ng'ambo ya ziwa. Laini ya Kauko ilikuwa imeshika mtandao kwa dakika moja tu, na kwa Hilkka hiyo ilitosha kujua ilipo. Eetu alikuwa wa kwanza kushuka.

"Mtambo unanguruma kama kawaida," alisema. "Mama, ulipigaje? Ile ya ofisi ilikufa saa sita kamili, nimeona."

Raija alimtupia ile simu nyembamba. Eetu aliidaka.

"Tutakupa nyingine mpya," Eetu alisema. "Haipitishi maji wala vumbi."

"Inafunguka?"

Eetu aliigeuzageuza ile nyembamba akitafuta mfuniko. Raija alichomoa koleo la theluji kwenye pikipiki ya Eetu, akaliweka begani na kuanza kutembea kuelekea ziwani.

"Unaenda wapi? Mashine zipo."

"Kuchimba betri yangu," alisema Raija, bila kugeuka.

Eetu alisimama kidogo. Kisha akachukua koleo la pili na kumfuata.